Kware wangu hawajui kulalia

Mama mkwe alipokuja kututembelea mara ya kwanza tangu nianze kufuga, alisimama mbele ya banda, mikono kiunoni, akayatazama mayai yaliyotapakaa kwenye wavu. Moja hapa, moja kule, jingine karibu na chombo cha maji, limeshakanyagwa.

"Baba," akaniuliza, "hivi hawa ndege wako hawana uchungu na mayai yao?"

"Hawa hawalalii, mama. Wanataga, wanaondoka."

"Sasa nani anayaangua?"

"Mimi."

Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Tangu siku hiyo kila akipiga simu, baada ya salamu na habari za wajukuu, huuliza: "Na wewe mlezi, umeshaangua?"

Hajakosea. Kware wa kufugwa, huyu wa Kijapani ambaye wataalamu humwita Coturnix japonica, ameishi na binadamu muda mrefu hadi kazi ya kuatamia imemtoka kichwani. Wajapani walianza kumweka nyumbani kwa ajili ya sauti ya dume, wakishindanisha milio kama sisi tunavyoshindanisha kasida. Karne ya 20 ilipoanza ndipo wakageukia mayai na nyama. Na mfugaji wa mayai anataka nini? Anataka tetea asiyepumzika. Tetea anayelalia hatagi. Kwa hiyo kizazi baada ya kizazi waliachwa wazae wale wanaotaga bila kujali, na wale wenye mapenzi ya kulalia wakaishia jikoni. Leo utaweka kiota kizuri cha nyasi, atakipekua atafute punje, kisha atataga mlangoni.

Kabla sijaendelea, jina. Wapo wanaoshikilia kwamba ndege huyu kwa Kiswahili ni tombo, na kwamba kware au kwale ni yule mkubwa wa porini anayekurupuka miguuni mwako shambani. Huenda wana haki, lakini sijaona mtu anayeweza kubandika kibao cha "Tunauza mayai ya tombo" barazani kwake akapata amani na vijana wa mtaani. Wasomaji wa Biblia wanamfahamu kama kware, wale walioifunika kambi ya wana wa Israeli jangwani jioni moja, na wa madrasa wanamjua kwa jina la salwa, yule aliyeshuka pamoja na manna. Nitamwita kware, tuendelee.

Nilianza mwaka 2019, na vizimba nilivinunua kwa bei ya chuma chakavu. Mwenye navyo alikuwa mmoja wa majeruhi wa ile homa ya kware ya 2013 na 2014, iliyopita Kenya ikatufikia na sisi huku Dar. Mnaikumbuka. Yai la kware lilikuwa dawa ya sukari, presha, pumu na nguvu za kiume, na watu walilinunua moja moja kama kidonge. Kenya ilibidi mfugaji awe na leseni ya KWS, shirika lao la wanyamapori, kwa kuwa kware alihesabiwa mnyamapori, na watu walipanga foleni kuzitafuta. Ukichunguza vizuri, aliyekuwa anapata fedha ya kweli ni yule aliyeuza ndege wa mbegu kwa mwenzake, na mwenzake akamuuzia mwenzake, mpaka ikafika siku kila mtu ana kware na hakuna mlaji. Bei ikaanguka kama embe bivu. Yule bwana aliyeniuzia vizimba alinisaidia hata kuvipakia kwenye kirikuu, na alipofunga geti nilimsikia akishusha pumzi.

Yai la kware ni yai. Matano yake ni kama moja la kuku. Ni tamu, lina kiini kikubwa, watoto wanalipenda kwa udogo wake, basi. Anayetaka kufuga kwa sababu ya dawa simpi moyo. Na anayetaka kufuga kwa sababu yoyote ile aanze kwa kuulizia ofisi ya maliasili ya kwao habari za kibali, kabla hajaleta hata ndege mmoja.

Mayai yangu ya kwanza ya kuangua nilichukua kwa mzee mmoja wa Bagamoyo, mayai 48, nikarudi nayo kwenye basi nimeyapakata mapajani kama keki ya harusi. Nikayalaza usiku mzima ncha chini, yatulie baada ya mitikisiko ya barabara, asubuhi nikayaingiza kwenye mashine. Ni mashine ndogo ya plastiki yenye feni na kigeuzio. Joto 37.5, siku 14 za kugeuza, siku tatu nne za kuacha, yaani siku 17 au 18 unapata vifaranga. Kuku anachukua 21. Nikiwa na maelezo ya mashine mkononi nikajaza maji mifereji yote miwili tangu siku ya kwanza, kama yalivyosema.

Wakatoka 19.

Siku ya 20 nikayapasua yaliyobaki. Sikupenda, lakini mzee alikuwa ameniambia yai lisiloanguliwa ndilo mwalimu. Ndani nilikuta vifaranga kamili, manyoya yote, kucha zote, wamelowa chepechepe kama waliotolewa mtungini. Walikuwa wameshamaliza safari, wakafia mlangoni.

Ilinichukua muda kuelewa. Yai linapokuwa mashineni linatakiwa lipoteze maji kupitia vitundu vya ganda. Yai la gramu 12 linapaswa kupungua kama gramu moja na nusu hivi kabla kifaranga hajaanza kudonoa, ili ule mfuko wa hewa upande wa butu upanuke, apate pa kuvutia pumzi ya kwanza. Maji yasipopungua, mfuko unabaki mdogo na kifaranga anazama ndani ya nyumba yake. Yale maelezo ya mashine yaliandikwa na mtu wa nchi kavu yenye baridi. Mimi naishi Tabata, ilikuwa Aprili, masika imeshika, shati ukilianika ndani halikauki siku mbili. Hewa yenyewe ni maji, na mimi naongeza mengine!

Mara ya pili sikuweka hata tone kwa siku 14 za mwanzo. Nilinunua mzani mdogo wa kupimia viungo nikawa napima mayai sita yale yale kila baada ya siku tatu. Siku ya 15 nikatoa kigeuzio, nikatandika kitambaa cha neti wasiteleze, nikajaza maji, nikafunga. Na kipimajoto cha mashine nilikilinganisha na kile cha homa cha watoto, nikakuta cha mashine kinadanganya kwa karibu digrii nzima. Nikakirekebisha. Mayai yalikuwa 48 vilevile, kutoka kwa mzee yuleyule. Wakatoka 33.

Lazima niwaeleze siku hiyo ilivyokuwa, kwa sababu ndiyo iliyonifunga na hawa ndege.

Siku ya 16 jioni niliweka sikio kwenye mfuniko. Ndani kulikuwa na sauti ndogo, tik, tik, tik, kama saa nyingi za mkononi zisizokubaliana. Ni vifaranga wanaongea wakiwa bado ndani ya maganda. Sikujua wakati ule, lakini ni jambo lililochunguzwa na wataalamu: mayai ya kware yakigusana, waliochelewa huwasikia waliotangulia nao wakaharakisha, ili wote watoke kwa pamoja. Porini ni jambo la uhai na kifo, maana mama anaondoka na waliokwishakauka.

Saa kumi alfajiri ya siku ya 17 yai moja lilikuwa na nyota juu yake, mpasuko mdogo kama uliopigwa na ncha ya sindano. Baada ya saa moja nyota ikawa tundu, na ndani ya tundu mdomo, na kwenye ncha ya mdomo kale kajino keupe ka kuvunjia ganda. Halafu kimya. Nikadhani amekufa. Kumbe anapumzika. Kisha akaanza kuzunguka, anakata ganda kwa mduara, duru moja safi, kama mtu anayefungua kopo la maziwa. Alipokaribia kumaliza akasukuma kwa kichwa, kifuniko kikafunguka kikabaki kimening'inia kwenye utando upande mmoja. Akateleza nje, ananing'iniza shingo, mbichi, mweusi mwenye mistari ya njano, mkubwa sawasawa na fundo la kidole gumba. Gramu saba au nane. Dakika kumi baadaye alikuwa anakimbia juu ya mayai ya wenzake akiyapindua kama mipira.

Mke wangu aliamka kwa ajili ya swala akanikuta nimepiga magoti sakafuni. "Na wewe unaswali wapi?" akaniuliza.

Malezi ya wiki ya kwanza nitayapitia haraka kwani kila mfugaji wa kuku anayajua, ila mambo matatu ni ya kware peke yake. Maji: vifaranga hawa wanazama kwenye kisosi, kwa hiyo jaza gololi kwenye chombo mpaka maji yaonekane katikati ya gololi tu. Watoto wangu walikosa gololi za kuchezea mwezi mzima. Sakafu: usitandike gazeti, linateleza, miguu inapanuka kama ya chura na hairudi. Chakula: kile cha vifaranga wa kuku hakiwatoshi protini, kware anataka kama asilimia 24 au zaidi, mimi naongeza dagaa waliosagwa laini na kuchekechwa. Joto digrii 36 au 37 wiki ya kwanza, kisha unashusha taratibu. Wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikaa pembeni midomo wazi wanaungua. Hiyo inatosha kuliko kipimajoto chochote.

Wiki ya tatu kifua cha dume kinaanza kuwa na rangi ya kutu na cha tetea kinabaki na madoadoa. Wiki ya sita au ya saba wanataga. Fikiria hilo: yai uliloliingiza mashineni mwanzo wa Mfungo Mosi, mwisho wa Mfungo Tatu limeshakuwa ndege anayekutagia. Dume akishakomaa ana kinundu juu ya tundu lake la nyuma, ukikibonyeza kinatoa povu jeupe kama la sabuni. Wageni wanashtuka, wanadhani ni ugonjwa. Ni afya hiyo. Banda lisilo na povu sakafuni, mayai yake usihangaike kuyaweka mashineni.

Sasa niingie kwenye kilichonifanya niandike.

Kundi langu la kwanza lilipoanza kutaga niliacha kununua mayai Bagamoyo. Nilikuwa na matetea 16 na madume manne, mmoja kwa wanne, kama inavyotakiwa. Nikaweka mayai yangu mwenyewe 48. Wakatoka 27. Si mbaya, nikasema, ni ndege wachanga. Nikawalea hao, wakakua, nikaweka mayai yao. Wakatoka 18. Nikasema umeme. Na kweli umeme ulikuwa umekatika usiku wa siku ya 11, saa tano nzima, nikazunguka na chupa za maji ya moto zilizofungwa khanga, nikaifunika mashine kwa blanketi la mtoto, joto likashuka hadi 33. Kisingizio kikapatikana. Ukweli ni kwamba yai huvumilia kupoa kwa saa chache kuliko linavyovumilia kuchemka, na ningelijua hilo nisingejidanganya.

Kizazi kilichofuata, wakatoka 9. Wawili kati yao walikuwa na vidole vilivyopinda, na mmoja hakuweza kusimama kabisa.

Nikabadilisha chakula. Nikabadilisha feni ya mashine. Nikamwita fundi akaangalia kila waya, akala ubwabwa wangu akaondoka na elfu ishirini. Nikahamisha mashine kutoka sebuleni kwenda chumbani. Mtu mmoja alinishauri nimuulize jirani kama ana kijicho.

Kilichonisaidia ni mayai yenyewe. Ukiyaangalia kwa haraka mayai ya kware yote ni madoadoa, lakini ukiyaokota kila siku unagundua kila tetea ana mwandiko wake. Mmoja anataga yai lenye mabaka makubwa meusi kama wino uliomwagika. Mwingine vidoti vidogo kama pilipili manga juu ya krimu. Mwingine, nilimwita Mafia, yai lake lina baka moja upande mmoja lenye umbo la kisiwa. Mwandiko huo haubadiliki sana. Hutaga alasiri kuelekea magharibi, basi kila jioni nikawa na daftari: mwandiko gani, kizimba gani, tarehe gani. Siku ya saba nikayamulika kwa tochi kali, chumba giza totoro, maana madoa yanaficha. Mengine yalikuwa meupe tu ndani, hayana mbegu. Lakini mengi yalikuwa na pete nyekundu nyembamba, kama mtu amechora duara kwa kalamu. Ile ni mimba iliyoanza ikafa siku ya tatu au ya nne. Na pete zilikuwa kwenye miandiko yote, vizimba vyote. Ingekuwa mashine, ingekuwa imeua katika siku tofauti tofauti. Ingekuwa dume mmoja mbovu, kingeathirika kizimba kimoja.

Nikampigia yule mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wale watoto hawajambo?"

Nikamweleza yote. Akanisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza jambo moja. "Hao uliowapandisha, wametoka kwangu wote?"

"Wote mzee."

"Na watoto wao ukawaacha wazaane?"

"Ndiyo."

"Ehee." Akanyamaza kidogo. "Mimi mwenyewe, mwanangu, nilianza na tetea wanne na dume mmoja."

Nikakaa kimya na simu sikioni. Kumbe nilikuwa nimeoza kaka na dada, kisha watoto wa kaka na dada, nikimlaumu fundi. Kuku ana uvumilivu fulani. Mitaani kwetu jogoo anapanda binti zake na maisha yanaendelea. Kware hana. Watafiti wa Marekani waliwahi kujaribu, katika miaka ya 1960, kuwazalisha kware ndugu kwa ndugu, na koo zao ziliisha ndani ya vizazi vichache tu. Na kware wa kufugwa tangu hapo hawana akiba kubwa ya damu: Vita vya Pili vya Dunia karibu viwamalize huko Japani, na waliobaki wachache ndio walioanzisha upya. Mzee alifanya kwa udogo kile ambacho vita ilifanya kwa ukubwa, na mimi nikakandamiza juu yake.

Cha kunichekesha ni kwamba mwaka 1990 kware waliwahi kuanguliwa angani, kwenye kituo cha Mir cha Warusi, ndani ya mashine, bila mama na bila ardhi. Yai halikujali. Shida ilikuja baadaye, vifaranga walielea hovyo, hawakuweza kula mpaka washikwe mkononi. Nilipoisoma habari hiyo nilikuwa nahangaika na feni ya mashine yangu, na bado sikushtuka kwamba mashine haikuwa tatizo.

Kwetu kabla ya kuposa watu huulizia ukoo. Nikafanya hivyohivyo. Nilikwenda Morogoro kwa mama mmoja anayefuga, nikamhoji kama mshenga: hawa walitoka wapi, mwaka gani, umewahi kununua Bagamoyo, una undugu na anayefuga Bagamoyo? Mama wa watu alianza kunitazama kwa wasiwasi. Wake walikuwa wametoka Arusha, na kabla ya hapo Nairobi. Nikachukua madume sita, nikayaweka peke yake wiki tatu, uani kwa jirani, nione kama yana kikohozi au kuhara, ndipo nikayaingiza kwa matetea yangu. Mfuniko wa kizimba nilikuwa nimeshautandika sponji, maana kware akishtuka haruki mbele, anaruka juu wima, na nimepoteza wawili kwa kujipasua kichwa.

Baada ya siku kumi nikaanza kukusanya mayai, yasiyozidi wiki moja. Nikaweka 48. Siku ya saba nikazima taa, nikamulika. Mishipa kama mizizi ya mti, na katikati kale kadoa keusi kanakorukaruka. Pete nyekundu zilikuwa tatu tu. Wakatoka 36, na miguu yote imenyooka.

Siku hizi nina koo mbili, pete za plastiki za bluu na za manjano miguuni, na sheria moja ukutani kwa maandishi ya mkaa: dume wa bluu kwa tetea wa manjano, na kinyume chake, na kila mwaka damu mpya kutoka mbali. Mafia alishakufa. Bintiye mmoja anataga yai lenye baka upande mmoja, ingawa kisiwa chake kimepungua, kimekuwa kama Chumbe.

Leo ni siku ya 14. Kesho asubuhi natoa kigeuzio na kuweka maji. Mama mkwe amepiga simu jioni, amesalimia, ameuliza wajukuu, kisha: "Na hao ndege wako, hawajapata akili ya kulalia tu?"

Nimemwambia bado, mama. Zamu bado ni yangu.